Kabla ya Kipimajoto: Dawa za Homa za Mbeere na Meru

Mtoto aliyechunga mbuzi Mbeere huujua mukawa kabla hajajua kusoma. Ni kichaka chenye miiba mirefu migumu, maua meupe yanayonukia, na matunda madogo ambayo yakiiva huwa meusi ya zambarau. Ndani yana utamu, na utomvu wake mweupe hunata midomoni. Waswahili wa pwani huuita mtandamboo. Wataalamu wa mimea waliuandika Carissa edulis, ingawa siku hizi wengi wao huandika Carissa spinarum. Matunda ni ya wachungaji. Mzizi ni wa wakubwa: huchimbwa, hukatwa vipande, huchemshwa, kisha maji yake hunywewa na mtu mwenye homa au maumivu.

Katikati ya miaka ya 2010, majani ya mukawa na magamba ya mizizi yake yalifika katika maabara ya biokemia ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kule Kahawa. Yalikuwa yamekaushwa kivulini, yakasagwa na kulowekwa katika kemikali, kisha kemikali hizo zikaondolewa hadi ikabaki dondoo nzito. Panya walikuwa wakisubiri. Kila panya alipimwa joto, akadungwa tapentaini, yaani mafuta yale yale yanayoyeyusha rangi ya mbao. Tapentaini huuchokoza mwili kama kidonda kinavyouchokoza, na baada ya saa moja hivi joto la panya hupanda. Hapo ndipo makundi yalipotengana. Kundi moja halikupewa dawa yoyote, jingine lilipewa aspirini, na mengine yalipewa dondoo ya mukawa kwa dozi zinazoongezeka. Kila saa kipimajoto kilirudi chini ya mkia wa panya, na namba zikaandikwa.

Joto la panya waliopewa mukawa lilishuka. Majani yalilishusha, na magamba ya mzizi pia yalilishusha, na katika baadhi ya dozi nguvu yake ilikaribia ile ya aspirini.

Kwa mzee wa Siakago au Ishiara hiyo haikuwa habari. Lakini ili jibu hilo lifike kwenye karatasi ya kisayansi, ilibidi mambo mengi yatokee kwanza katika miteremko ya Mlima Kenya, na mengine yalitokea mbali sana na hapo.

Nchi yenyewe imegawanyika kwa mwinuko. Juu, karibu na msitu wa mlima, Embu na Meru ni mashamba ya chai na kahawa, baridi ya asubuhi na mito inayokwenda kasi. Ukishuka kuelekea mto Tana unaingia Mbeere na Tharaka, nchi ya migunga, mtama, mizinga ya nyuki na jua kali. Mbu anayebeba malaria hustawi zaidi huko chini kwenye joto, na mtu wa juu anayeshuka bila kinga iliyojengwa tangu utotoni huumwa vibaya kuliko mwenyeji. Kwa hiyo homa ilijulikana vizuri, na dawa zake pia.

Mganga wa Embu na Mbeere aliitwa mugo, na kazi yake ilikuwa pana: kutambua chanzo cha ugonjwa, kusafisha, kupatanisha, kutibu. Hata hivyo maarifa ya mimea hayakuwa yamefungwa ndani ya mkoba wake. Mama aliyelea watoto watano alijua gamba gani la kuchemsha usiku, na mchungaji alijua jani gani la kutafuna tumbo likisokota. Hakukuwa na kipimajoto. Kulikuwa na kiganja juu ya paji la uso, jasho, rangi ya mkojo, na dalili ambayo pengine ilikuwa ya kuaminika kuliko zote: mgonjwa kuomba chakula. Tusiidharau njia hiyo. Ulaya nako kipimajoto kilichelewa kuingia wodini. Kilipata nafasi yake ya kudumu baada ya daktari Mjerumani Carl Wunderlich wa Leipzig kuchapisha kitabu chake kikubwa kuhusu joto la wagonjwa mwaka 1868.

Waingereza waliweka kituo chao Embu mwaka 1906. Miaka miwili baadaye, Edward Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi, alianzisha boma la Meru. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana, walifika Kigari, karibu na Embu, mwaka 1910, na mwaka 1922 daktari Clive Irvine wa misheni ya Kiskoti alifika Chogoria na kuanza kazi iliyozaa hospitali inayojulikana hadi leo. Kwinini, dawa ya malaria, ikaingia vijijini. Mwaka 1925 ikaja sheria ya uchawi, ambayo bado imo katika vitabu vya sheria za Kenya. Shabaha yake ilikuwa anayedai nguvu za kichawi, si mama anayechemsha mizizi. Lakini serikali na misheni ziliwatazama wote kwa jicho moja, na mwenye mkoba wa mizizi akajifunza kunyamaza mbele ya wageni. Huo ukimya uligharimu mengi kuliko sheria yenyewe. Kwa miaka karibu hamsini, watu waliojua dawa hizo na watu waliokuwa na vyombo vya kuzipima waliishi katika wilaya moja bila kuulizana chochote.

Mimea haikukubali mpaka huo. Kuna gugu dogo lenye majani membamba, Schkuhria pinnata, ambalo asili yake ni Amerika. Lilivuka bahari, likaota kando ya mashamba ya Kenya, na watu wakalionja wakaona ni chungu. Wagikuyu, majirani wa Waembu, walilipa jina gakuinini, yaani kakwinini, kwinini ndogo. Katika jina hilo moja kuna zahanati ya kikoloni, ulimi wa mtu aliyewahi kumeza kidonge kichungu, na akili iliyolinganisha uchungu mmoja na mwingine ikasema: tulijaribu hili.

Ukimya ulianza kuvunjika miaka ya 1970. Mwanaanthropolojia David Brokensha na mwenzake Bernard Riley walifanya utafiti wa muda mrefu Mbeere, wakitembea na wenyeji na kuuliza mmea baada ya mmea: huu unaitwaje, unafanya nini, nani anautumia? Matokeo yalitoka kama kitabu cha juzuu mbili mwaka 1988, na juzuu ya pili ni ya mimea na matumizi yake. Mwaka 1976 John Kokwaro, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa tayari amechapisha kitabu chake cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, ambacho wanafunzi wa Kenya, Uganda na Tanzania wanakifungua mpaka sasa. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata wa Shirika la Afya Duniani ulitambua nafasi ya waganga wa jadi katika afya ya msingi, na mwaka 1979 Kenya ikaunda KEMRI, taasisi yake ya utafiti wa tiba, ambayo baadaye ilikuwa na kituo kizima cha dawa za jadi.

Lakini kilichowasukuma wanasayansi kurudi kwa wazee kwa haraka kilikuwa hofu. Klorokwini, kidonge cha bei nafuu kilichokuwa kimetuliza malaria kwa miongo mingi, kilianza kushindwa Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Kenya iliiacha rasmi mwaka 1998 na kuchukua dawa ya SP (sulfadoksini-pirimethamini), na hiyo nayo haikudumu: mwaka 2004 sera ilibadilika tena, zikachaguliwa dawa mseto zenye kiini kilichotokana na artemisini. Artemisini yenyewe ilitolewa na Tu Youyou na wenzake huko China kwenye mmea wa Artemisia annua, baada ya kupekua maandishi ya kale ya tiba ya Kichina, na mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobel. Wanasayansi wa Nairobi waliona jambo la wazi. Ikiwa kitabu cha kale cha China kilificha dawa kama hiyo, ni nini kilichomo katika vichwa vya wazee wa Tharaka, ambao hawakuandika kitabu?

Jibu likaanza kuja kidogo kidogo. Mwaka 2001 kundi lililowaunganisha watafiti wa Nairobi na wa Leuven, Ubelgiji, lilithibitisha kwenye chupa za maabara kwamba mimea miwili ambayo waganga wa Kenya walikuwa wakiitaja kwa malaria huzuia vimelea kukua. Mmoja ni Ajuga remota, mmea mdogo mchungu. Mwingine ni Caesalpinia volkensii, ndugu wa mkomwe wa pwani, ule unaotoa kete za bao. Mwaka 2007 Patrick Kareru na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta walichapisha matokeo ya kuzunguka Embu na Mbeere wakiwahoji waganga: aina 40 za mimea kutoka familia 26. Uliotajwa zaidi ulikuwa Terminalia brownii, ambao Wambeere huuita mururuku. Na sehemu iliyotumiwa zaidi ilikuwa mizizi, jambo linalotia wasiwasi, kwa kuwa ukichimba mzizi mara nyingi huuachi mti ukiwa hai.

Mwaka huo huo wa 2007 Charles Muthaura na wenzake wa KEMRI walitoa matokeo ya mimea kumi inayotumiwa na Wameru. Waliiandaa kwa maji na pia kwa methanoli. Kisha wakaijaribu dhidi ya vimelea vya aina mbili vinavyofugwa katika maabara duniani kote: D6, vilivyotoka Sierra Leone, ambavyo klorokwini bado inaviua, na W2, vilivyotoka Indochina, ambavyo klorokwini haiviwezi tena. Mimea mitatu iling'aa. Wa kwanza ni Ludwigia erecta, mmea wa majimaji wenye maua ya manjano. Wa pili ni Fuerstia africana, ambao majani yake ukiyasugua hutoa rangi nyekundu. Na wa tatu? Gakuinini. Lile gugu la Amerika ambalo mtu asiyejulikana alililinganisha na kwinini kwa ulimi wake lilikuwa limefaulu mtihani dhidi ya vimelea vilivyoishinda klorokwini.

Baada ya chupa wakaja panya wadogo weupe. Panya hawaugui malaria ya binadamu, hivyo huambukizwa kimelea chao wenyewe, Plasmodium berghei, na historia yake ni ya hapa hapa jirani. Mwaka 1948 Ignace Vincke na Marcel Lips walikipata kwa panya wa msituni wa Katanga, Kongo. Tangu hapo kimelea hicho kimezunguka maabara za dunia, na kimerudi Nairobi kupima dawa za Meru. Mwaka 2008 Jeremiah Gathirwa na wenzake wa KEMRI walikwenda hatua nyingine: waliichanganya mimea. Walikuwa wamezingatia kwamba mganga wa Meru mara nyingi hatoi mti mmoja, hutoa miwili au mitatu ndani ya chungu kimoja. Walipoichanganya Turraea robusta, Lannea schweinfurthii na mng'ongo kwa jozi, baadhi ya michanganyiko ilifanya kazi kuliko kila mmea peke yake. Madaktari wa dunia nao walikuwa wameshakubaliana kwamba malaria isitibiwe kwa dawa moja.

Hapa inafaa kutulia, maana Kiswahili kinatufichia kitu. Sisi husema homa tukimaanisha joto la mwili, na husema homa tukimaanisha ugonjwa: homa ya matumbo, homa ya mapafu, homa ya manjano. Maabara huvitenganisha viwili hivyo kwa kisu. Wale panya wa KEMRI walipimwa kama dawa inaua vimelea. Wale panya wa Kahawa waliodungwa tapentaini hawakuwa na kimelea hata kimoja. Walipimwa kama dawa inashusha joto. Dawa inaweza kufaulu mtihani mmoja na kuanguka ule mwingine.

Joto la homa linapandishwa na mwili wenyewe. Seli za kinga zikigundua hatari hutuma ujumbe hadi sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi, ambayo ndiyo inayopanga joto la mwili. Ujumbe huo hupitia kemikali ziitwazo prostaglandini. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, na ndiyo sababu aspirini inashusha homa na kutuliza maumivu kwa pamoja. Kwa kazi hiyo alishiriki Nobel ya mwaka 1982. Watafiti wa Kenyatta walipoona mukawa unashusha joto la panya, na katika majaribio mengine unatuliza maumivu, walifikiri kwamba huenda unapita njia hiyo hiyo. Ni dhana yenye mantiki. Bado ni dhana, kwa sababu dondoo ya mmea ina kemikali nyingi ndani yake, na kujua kwamba gari limefika si kujua limepita barabara gani.

Na aspirini yenyewe, kipimo ambacho dawa za Mbeere hulinganishwa nacho, ilitoka kwenye gamba la mti. Mwaka 1763 kasisi Mwingereza Edward Stone wa Chipping Norton aliiandikia Royal Society barua. Alieleza jinsi alivyoonja gamba la mti wa mwerebi, akashangazwa na uchungu wake, akalikausha, akalisaga, na kuwapa watu wapatao hamsini wenye homa. Uchungu wake ulimkumbusha magamba ya mti wa kwinini kutoka Peru. Ni hoja ile ile ya gakuinini! Tofauti ni kwamba barua ya Stone ilihifadhiwa, na kutokana na miti ya jamii hiyo wakemia walipata salisini, kisha asidi ya salisiliki, na mwaka 1899 kampuni ya Bayer ikaanza kuuza dawa yenye jina la Aspirin. Aliyelipa gugu la Kenya jina hana barua popote.

Swali linalostahili kuulizwa kwa sauti kuhusu majaribio ya Kahawa ni la kimiminika. Wazee huchemsha kwa maji, au hutia gamba ndani ya supu ya mifupa. Dondoo ya mukawa waliyopewa panya ilitolewa kwa mchanganyiko wa daikloromethani na methanoli. Kemikali hizi huvuta vitu ambavyo maji hayavivuti, na pengine huacha vingine ambavyo maji yangevitoa. Kwa mkemia anayetafuta kidonge kipya, ni uamuzi mzuri. Kwa mama wa Kiritiri anayetaka kujua kama chungu chake kinafanya kazi, jibu alilopewa ni la chungu kingine. Muthaura na wenzake waliopima maji na methanoli kwa pamoja walimheshimu zaidi mama huyo, na inapaswa kuwa kawaida.

Swali la pili ni la sumu, na hapo wazee wana mengi ya kufundisha. Mukawa una ndugu wa karibu katika familia moja, Acokanthera schimperi, ambao majani yake yanafanana na ya mukawa kiasi cha kumpotosha mgeni. Huo ndio mti wa sumu ya mishale iliyotumiwa na wawindaji wa sehemu nyingi za Kenya. Sumu yake, ambayo jina lake la kisayansi, ouabain, limetokana na neno la Kisomali, huusimamisha moyo. Mwenyeji hutenganisha ndugu hao wawili kwa kutazama: mmoja ana miiba, mwingine hana. Mnunuzi wa magamba makavu yaliyosagwa sokoni hana mwiba wa kutazama. Ndiyo maana kila mmea unaoingia maabara hupelekwa kwanza kwa mtaalamu wa mimea autambue, na ndiyo maana dondoo zilizofaulu Meru zilijaribiwa pia kama zinaua seli zenye afya.

Lipo pia jambo ambalo majaribio ya panya hayawezi kulisema kabisa. Joto likishuka huku vimelea vikiendelea kuongezeka katika damu, mtoto huonekana kapata nafuu huku ugonjwa ukiendelea kumla. Hatari hiyo ipo kwa mukawa kama ilivyo kwa Panadol ya dukani, na ndiyo sababu kipimo cha damu hakina mbadala pale mtoto wa Mbeere anapochemka.

Elimu sasa imesogea karibu na mimea. Chuo Kikuu cha Chuka na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru vilipata hati zao mwaka 2013, na cha Embu mwaka 2016. Mwanafunzi anayetafiti dawa ya bibi yake anaweza kuifikia kwa matatu moja. Sheria nayo imebadilika sura tangu 1925: Kenya iliridhia Itifaki ya Nagoya kuhusu kugawana manufaa ya rasilimali za viumbe mwaka 2014, na mwaka 2016 Bunge likapitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi, inayosema kwamba jamii ndiyo mwenye maarifa hayo na kwamba anayetaka kuyatumia aombe kwanza ridhaa yake.

Kuomba kunahitaji kujua aliyesema. Jijini Nairobi, katika Herbariamu ya Afrika Mashariki, matawi makavu ya mimea yamebandikwa juu ya karatasi ngumu na kupangwa ndani ya makabati. Kila karatasi ina kibandiko: jina la Kilatini, mahali, tarehe, mwinuko, jina la mkusanyaji, na mara nyingi jina la mmea kwa lugha ya wenyeji. Neno hilo la mwisho, mukawa au mururuku, halikuota porini pamoja na tawi. Lilitamkwa na mtu aliyesimama kando ya kichaka siku hiyo, akaulizwa, akajibu. Kibandiko hakikuwekewa mstari wa jina lake.